Kijiji kinapobaki nyumbani siku ya kura

Mara kwa mara twasikia watu wa mjini wakisema ya kuwa mtu wa kijijini hana siasa. Akipewa chumvi, fulana na kikwembe chenye picha ya mgombea, wasema, atakwenda kupiga kura. Asipopewa, atachukua jembe lake na kwenda shambani. Maneno hayo husemwa kwa kicheko, na hata sisi tuliosoma huyarudia bila kuyapima.

Lakini sisi walimu wa vijijini hatuna haki ya kuyarudia. Darasa letu ndilo linalogeuzwa kuwa biro ya kura, madawati yetu ndiyo yanayosukumwa ukutani, na mara nyingi ni mwalimu anayeketi nyuma ya meza akitafuta majina katika daftari. Twaona nani anakuja kabla ya jua kuchomoza, nani anakuja jioni akikimbia, na nani hakuja kabisa. Leo twataka kusema juu ya huyo asiyekuja, kwa maana yeye naye ana fikira zake.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina kelele. Tarehe 30 Julai 2006 Wakongo walichagua Rais kati ya wagombea 33. Tume ya Uchaguzi ilitangaza ya kuwa watu 70 hivi katika kila 100 walioandikwa walikwenda kura. Tarehe 28 Novemba 2011 walikuwa 59 hivi. Tarehe 30 Desemba 2018 hawakufika 48. Tarehe 20 Desemba 2023 walikuwa 43 hivi. Mtu akitazama ngazi hii inayoshuka atasema: «Wakongo wanachoka, na wa kijijini ndio wa kwanza kuchoka.» Sisi pia tulisema hivyo, mpaka siku moja tulipowapa wanafunzi wetu hesabu hiyo waifanye kwa namna nyingine. Tuliwaambia: msihesabu sehemu ya mia, hesabuni watu.

Mwaka 2006 walioandikwa walikuwa milioni 25 na zaidi kidogo. Waliopiga kura walikuwa karibu milioni 18. Mwaka 2023 walioandikwa walikuwa zaidi ya milioni 41. Waliopiga kura walikuwa milioni 18 hivi. Katika miaka ya katikati hesabu haikwenda mbali na hapo: milioni 18 na kidogo mwaka 2018, karibu milioni 19 mwaka 2011. Wanafunzi walidhani wamekosea, wakarudia. Hawakukosea. Miaka 17 ilipita, watoto walizaliwa na kukomaa, watu milioni 16 wakaongezeka katika daftari, na sanduku la kura likabaki na uzito ule ule.

Basi, hawa milioni 16 walikwenda kuandikwa kwa ajili gani, ikiwa hawakutaka kuchagua?

Msomaji wetu anayeishi kando ya barabara kubwa anajua jibu kabla hatujalisema. Katika Kongo kadi ya mchaguzi ndiyo imekuwa kipande cha utambulisho. Hesabu ya watu wote wa nchi ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 1984, na kwa miaka mingi raia hakupata kadi nyingine ya Serikali inayoonyesha jina lake na uso wake. Mama anayepeleka maharagwe sokoni husimamishwa kwenye kizuizi, na askari humwuliza kadi. Kijana anayetaka kupokea fedha kwa simu huulizwa kadi. Mgonjwa anayevuka kwenda jimbo lingine huulizwa kadi. Kwa hiyo, wakati wa kuandikwa unapofika, kijiji kizima hulala mbele ya ofisi, na wakubwa wa mjini hufurahi wakisema: «Tazameni jinsi wananchi wanavyopenda demokrasia!» Wananchi wanapenda kupita kizuizini. Hilo nalo ni jambo la siasa, tena kubwa, lakini si lile linalotangazwa redioni.

Hata kadi yenyewe imeleta masikitiko. Nyingi za zile zilizotolewa mwaka 2023 zilifutika wino kabla ya siku ya kura, hata uso na jina visionekane. Aliyekuwa ameamka usiku wa manane ili aipate alibaki na kipande cheupe mkononi.

Sasa tuje kwenye maelekeo ya watu, maana hapo ndipo kijiji hudharauliwa kuliko mahali pengine. Husemwa ya kuwa wa kijijini huchagua «mtoto wa kwetu» bila kufikiri. Tutazame yaliyotokea kwetu Kivu. Mwaka 2006, katika duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba, Joseph Kabila alishindana na Jean-Pierre Bemba. Katika Kivu zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, zaidi ya watu tisa katika kila kumi walimchagua Kabila. Katika Ekwatere mambo yalikuwa kinyume chake: huko Bemba, aliye mtoto wa huko, ndiye aliyepata zaidi ya tisa katika kila kumi. Nchi iligawanyika mahali pale pale panapogawanyika lugha, wasemao Kiswahili upande mmoja na wasemao Lingala upande mwingine.

Je, ilikuwa chumvi na fulana? Katika wilaya ya Beni kila mtu mzima alikumbuka mwisho wa mwaka 2002, wakati askari wa Bemba na wenzao walipoingia Mambasa, na wakimbizi wakajaa katika njia za kuja kwetu, wakiwa na hadithi ambazo hatutaziandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Walioingia katika darasa letu mwaka 2006 waliingia na kumbukumbu hiyo. Walitaka vita viishe, wakamchagua yule waliyedhani atavimaliza. Mtu aweza kusema walikosea, au hawakukosea. Hawezi kusema hawakuwa na sababu.

Na vita havikuisha. Kwa hiyo mwaka 2011 kura zile zile zilitawanyika. Vital Kamerhe, mtu wa Kivu ya Kusini, alikuwa ameacha uongozi wa Bunge mwaka 2009 baada ya kusema wazi ya kuwa hakupendezwa na majeshi ya Rwanda kuingia nchini. Alipata kura nyingi sana kwao. Kaskazini, Mbusa Nyamwisi wa upande wa Beni na Lubero alisimama pia, na wengine walimfuata Étienne Tshisekedi. Kabila hakuzipata tena zile tisa kati ya kumi, wala hata nusu hakuifikia katika Kivu ya Kaskazini. Katika miaka mitano tu wakulima ambao, wasema, hawana siasa, walibadili fikira zao kwa wingi kuliko watu wa miji mingi. Hakuna aliyewafundisha katika semina. Walitazama barabara, walitazama makaburi, wakaamua.

Wengine hudhani ya kuwa mahali watu wanapofurika kwenye kura ndipo siasa iko hai, na wanapopungua imekufa. Historia ya nchi yetu haisemi hivyo. Mwaka 1970, wakati wa Mobutu, kura ilikuwa ya kadi mbili: ya kijani kusema ndiyo, nyekundu kusema hapana, na mtu alichagua mbele ya macho ya watu. Waliosema ndiyo walitangazwa kuwa zaidi ya milioni 10. Waliosema hapana, katika Kongo nzima, walikuwa 157. Siku hiyo walioitika mwito walikuwa wengi ajabu. Tena hesabu iliyotangazwa ilizidi idadi ya walioandikwa. Na mwaka 2011, katika Malemba-Nkulu, sehemu ya mashambani ya Katanga, ilitangazwa ya kuwa watu zaidi ya 99 katika kila 100 walipiga kura, na karibu kura zote zilikuwa za mtu mmoja. Sisi tunaojua kijiji twauliza: hakuna hata mgonjwa? Hakuna mama aliyejifungua usiku ule? Hakuna aliyefiwa? Wakati huo huo, matokeo ya biro karibu 2,000 za Kinshasa yalipotea. Hapo Kardinali Monsengwo alisema ya kuwa matokeo yaliyotangazwa hayakupatana na ukweli wala haki.

Kwa upande mwingine, tukumbuke Desemba 1959. Wabelgiji waliita watu wachague mabaraza ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wa vijijini kuitwa, kwa sababu kura za mwaka 1957 zilikuwa za miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu kiliwaambia watu wa Kongo ya Chini wasiende, kwa kuwa kilitaka uhuru kwanza. Basi hawakwenda, biro zilikaa tupu. Je, hao walikuwa wavivu? Walikuwa hawajaamka? Mei 1960, miezi mitano tu baadaye, walipoitwa kuchagua Bunge la nchi huru, watu wale wale walikwenda, na ABAKO kikapata viti 12 kati ya 137. Mwezi mmoja walisema neno lao kwa kukaa, mwezi mwingine kwa kwenda. (Tuwaambie wasichana wetu wa shule, ambao huuliza mama zao walimchagua nani mwaka 1960: hawakumchagua mtu. Kura ile ilikuwa ya wanaume peke yao.)

Yako pia mambo madogo ambayo mtu wa mjini hayaoni, na ambayo kijijini ni makubwa. Kwenda kura ni safari. Kwa mwenye shamba la mihogo au kakao ng'ambo ya mto, ni siku moja ya kazi, na pengine mbili. Anafika alfajiri, vyombo havijafika. Vinafika saa sita, mashine haiwaki. Mwaka 2018 Tume ilileta mashine za kupigia kura kutoka Korea ya Kusini, na wapinzani waliziita mashine za kuiba. Hatutaki kuingia katika ugomvi huo. Tulichokiona ni wazee waliosimama mbele ya kioo wakiogopa kukigusa, wakamwomba kijana fulani awagusie, na siri ya kura yao ikaishia katika sikio la kijana huyo. Mwaka 2023 ucheleweshaji ulikuwa mwingi hata siku moja ya kura ikaongezwa, na mahali pengine watu waliendelea kupiga kura siku kadhaa baadaye. Anayekaa karibu na shule anaweza kurudi kesho. Anayetoka mbali harudi.

Na wale waliokimbia? Tangu Oktoba 2014 watu wa vijiji vya Beni wameuawa kwa mapanga usiku, na mamia ya familia wamehama mara nyingi. Mtu aliandikwa katika kijiji chake, na kijiji hicho leo ni majani matupu. Jina lake limo katika daftari la biro ambayo hawezi kuifikia akiwa hai. Katika hesabu ya Kinshasa yeye ni mmoja wa wale ambao «hawakushiriki.»

Kuna jambo jingine ambalo latuuma sisi walimu, kwa kuwa ndilo tunalofundisha katika somo la uraia. Twawaambia watoto ya kuwa raia huchagua viongozi wake, kuanzia wa karibu hadi wa mbali. Kisha tunatoka darasani, na kijiji kinamchagua Rais aliye Kinshasa, umbali wa siku nyingi. Kinamchagua mbunge, ambaye akishapata kiti hununua nyumba Kinshasa. Kinamchagua mbunge wa jimbo. Gavana hakichagui, wabunge wa jimbo ndio wamchaguao. Na katika Kivu ya Kaskazini hata hilo lilisimama tangu Mei 2021, wakati Serikali ilipotangaza hali ya hatari na kumweka gavana mwanajeshi. Mabaraza ya karibu, ya sekta na ya eneo la mwami, yale ambayo yangeamua juu ya daraja, kisima na ushuru wa soko, Katiba ya 2006 iliyaahidi. Mwaka 2023 hatimaye madiwani wa komini walichaguliwa, lakini katika komini za miji mikubwa tu. Kijijini kura hiyo haikufika. Kwa hiyo mkulima huitwa kusema juu ya mambo asiyoweza kuyasimamia, wala haitwi kusema juu ya yale ayaonayo kila asubuhi.

Ikiwa baada ya haya yote yuko anayesema ya kuwa mtu wa Beni hapendi kupiga kura, twamwomba asikilize habari ya mwisho wa mwaka 2018.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ikianzia Mangina, mji mdogo wa wakulima katika wilaya ya Beni. Hadi mwisho wa Desemba walikuwa wameugua watu karibu 600. (Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287.) Pamoja na hayo kampeni zilifanywa. Martin Fayulu, mgombea wa upinzani, alianza safari zake za kampeni Beni yenyewe, tarehe 5 Desemba, na umati mkubwa ulimlaki. Ilijulikana basi upepo unavuma kuelekea wapi.

Tarehe 26 Desemba, siku nne tu kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi ilitangaza ya kuwa mji wa Beni, wilaya ya Beni, mji wa Butembo, na Yumbi huko magharibi, hazitapiga kura hadi Machi 2019. Kwa upande wetu sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Zaidi ya watu milioni moja walitolewa katika uchaguzi wa Rais kwa tangazo moja. Watu waliuliza: masoko yako wazi, makanisa yako wazi, shule zilikuwa wazi, Ebola inakaa katika sanduku la kura peke yake? Hasira ilipanda. Kesho yake, katika mji wa Beni, waandamanaji walivamia kituo cha kupokea watu walioshukiwa kuwa na Ebola, wakaharibu vitu, na waliokuwamo wakakimbia. Hatulisifu tendo hilo. Lilihatarisha maisha ya watu, na kazi ya wauguzi waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba ilikuwa ngumu zaidi baadaye, kwa sababu wengi walikwisha kuamini ya kuwa ugonjwa ule ulitengenezwa kwa ajili ya siasa. Lakini asemaye ya kuwa kura ni kitu kidogo kwa watu hawa na aeleze hasira hiyo ilitoka wapi.

Kisha ikafika Jumapili, tarehe 30 Desemba. Mahali pengine pa Kongo masanduku yalifunguliwa. Katika Beni hakukuwa na sanduku, wala mashine, wala daftari la Tume. Watu walitengeneza biro zao wenyewe. Waliandika karatasi kwa mkono, wakapanga mistari, wakaweka maji ili kila mmoja anawe mikono kabla ya kuingia, kama wauguzi walivyowafundisha tangu Agosti. Walisimama juani wakingoja zamu, wakijua vema ya kuwa hakuna ofisi itakayopokea karatasi hizo. Siku ile hakuna aliyewapa chumvi.

Baraza la Maaskofu, lililokuwa limetuma watazamaji 40,000 katika nchi nzima, lilisema tarehe 3 Januari 2019 ya kuwa lilimjua aliyeshinda, na kuitaka Tume itangaze ukweli. Tarehe 10 Januari Tume ilimtangaza Félix Tshisekedi. Aliapishwa tarehe 24 Januari. Watu wa Beni na Butembo waliitwa kupiga kura tarehe 31 Machi, miezi miwili baada ya kiapo hicho, kuchagua wabunge peke yao.

Katika ile hesabu ya Desemba 2018, isiyofika 48 katika kila 100, wao hawamo.